Maktaba Iliyokosekana Nyabugogo

Faili lilikataa Jumatatu asubuhi, saa ambayo Nyabugogo, kituo kikuu cha mabasi cha Kigali, haina huruma na mtu. Dada wa kaunta alinipigia simu nikiwa ndiyo kwanza naingia ofisini Kicukiro, mkoba ukiwa bado begani.

"Shikamoo mama. Faili imekataa."

"Marahaba. Imekataa vipi?"

"Nabonyeza Chapisha, inaniletea kidirisha. Nakifunga, kinarudi. Na watu wamejaa hapa."

"Kidirisha kinasema nini?"

"Kimeandikwa Kifaransa, mama. Mimi na Kifaransa wapi na wapi."

Nikamwambia anisomee herufi moja moja. Alisoma polepole, huku nyuma yake nikisikia wapiga debe wakiita Huye, Musanze, Rusizi. Nilipoziunganisha zile herufi nikapata maana yake: mradi au maktaba haipatikani.

"Maktaba gani tena?" akauliza. "Sisi si tunatuma vifurushi?"

Kweli tulikuwa tunatuma vifurushi. Kampuni yetu ilikuwa ndogo, mizigo yetu ilipanda mabasi ya watu wengine kwenda mikoani, na kila kitu kilipita kwenye faili moja la Excel, tulilolifungua sote kupitia mtandao, ambalo nililitengeneza mwenyewe. Ndani yake niliandika makro, yaani amri ndogo ndogo zinazofanya kazi ya dakika nyingi kwa kubonyeza kitufe kimoja. Dada wa kaunta aliandika jina la mtumaji na la mpokeaji, akabonyeza kitufe, stakabadhi ikachapwa, na papo hapo barua pepe ikaenda kwa wakala wa mkoani kumwambia kuna mzigo njiani. Hakuna aliyenifundisha kuandika amri hizo. Nilijifunza wakati wa mapumziko ya mchana, wenzangu wakienda kula, na nilijivunia faili lile kama mtu anavyojivunia nyumba aliyoijenga kwa mikono yake.

Nikachukua moto, yaani pikipiki ya abiria, hadi Nyabugogo. Foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango. Mbele kabisa alisimama mwanamke mwenye sanduku la nguo za harusi, shemeji yake alikuwa anaolewa Huye, na nyuma yake mzee aliyeshika dawa za mkewe zilizofungwa kwenye mfuko wa karatasi. Dada wa kaunta alikuwa anaandika stakabadhi kwa mkono, mtandio umemteleza hadi shingoni, na kila baada ya mteja mmoja aliinua kichwa akawaambia, "Mwihangane," yaani vumilieni, neno alilolijua vizuri kuliko maneno mengine yote ya Kinyarwanda.

Yeye alikuwa mzaliwa wa Kigoma. Alimfuata mume Kigali, mume akaenda zake, naye akabaki na kazi. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kiasi cha kunifanya nione haya kwa hiki changu cha Buyenzi, Bujumbura, nilikozaliwa na kukulia kwa wazazi waliokimbia Rwanda. Tulipatana tangu siku ya kwanza. Aliniita mama ingawa tofauti yetu ya umri ingetosha kuwa ya dada na mdogo wake, nami sikumkatalia.

Nikakaa kwenye kiti chake, nikaingia nyuma ya faili, kule amri zinakoandikwa. Kompyuta ilikuwa imelipaka rangi neno moja, neno la kuita tarehe ya leo. Nikabaki nalitazama. Neno lile halikuwa na kosa lolote. Lilikuwa la kwanza kabisa kujifunza, lilikuwa limefanya kazi kila siku tangu faili lizaliwe, na halikuhitaji maktaba yoyote ya ajabu. Nikalifuta, nikaliandika upya. Kidirisha kikarudi. Nikaliwekea alama, nikaliruka. Kompyuta ikapaka rangi neno jingine lisilo na kosa.

"Mama, basi la Rusizi linaondoka," dada akaninong'oneza.

"Mpe mzee stakabadhi ya mkono, dawa ziende."

Nikatulia. Nikakumbuka kwamba makro huazima maktaba, yaani mikusanyo ya maneno ambayo programu nyingine huyajua. Faili langu lilikuwa linaazima maktaba ya programu ya barua pepe, ndiyo maana liliweza kuwaandikia mawakala. Orodha ya maktaba hizo ipo kwenye menyu, mahali panapoitwa Rejea. Nilipoifungua menyu, Rejea ilikuwa imefifia, haibonyezeki. Nikahangaika hapo hadi nilipotambua kwamba lazima kwanza niisimamishe makro iliyokwama. Nikaisimamisha. Rejea ikafunguka.

Ile maktaba ya barua pepe ilikuwepo kwenye orodha, ina alama ya tiki, lakini mbele yake limeandikwa kwa herufi kubwa neno MANQUANT. Haipo. Na namba ya toleo iliyoandikwa pembeni ilikuwa kubwa kuliko toleo lililokuwemo kwenye kompyuta ile. Faili lilikuwa linatafuta kitu kipya ambacho mashine ya Nyabugogo, kuukuu kama ilivyokuwa, haijawahi kuwa nacho. Na programu ikikosa maktaba moja tu kwenye orodha, huchanganyikiwa hata na zile zilizopo, na huanza kulalamikia neno la kwanza inalokutana nalo.

Nikaondoa tiki. Nikatafuta toleo la zamani kwenye orodha, nikalipa tiki, nikahifadhi. Dada akabonyeza kitufe. Mashine ya kuchapa ikaguna, stakabadhi ikatoka.

"Alhamdulillahi," akasema, na mwanamke wa sanduku la nguo akapiga makofi.

Nilirudi Kicukiro nikiwa na furaha. Jumatatu iliyofuata, simu ikalia tena.

Nilirekebisha kwa kumwelekeza dada kwa simu: simamisha, fungua Rejea, ondoa tiki, weka tiki. Jumatatu nyingine tena. Ikawa kama homa ya vipindi. Dada alishika hatua zote kwa kichwa, akawa anajirekebishia mwenyewe kabla ya foleni kuanza, na mimi nikajua tu kwa sababu aliniambia. Lakini kuna siku wateja walicheleweshwa, mzigo ukakosa basi, mwenye mzigo akapiga simu kwa mkurugenzi. Hapo ndipo mambo yalipogeuka.

Mkurugenzi wetu alikulia Kampala. Alikuwa mchapakazi, mwepesi wa kuamua, na Kiswahili chake alikuwa amekiokota huku na huku. Aliniita ofisini kwake. Nilipoingia nikamkuta na mwanamume wa makamo, mtaalamu wa kompyuta, aliyekuwa ameletwa kutuuzia mfumo mpya. Mezani kulikuwa na karatasi moja.

"Mama, kaa," mkurugenzi akasema. "Huyu msichana wa Nyabugogo iko anachezea faili."

"Anachezea vipi?"

"Kila Jumatatu faili imeharibika. Hapa Kicukiro faili haina shida. Nyumbani kwangu haina shida. Shida iko Nyabugogo tu. Mtaalamu anasema ni flash. Anaweka flash yake, muziki, filamu, virusi inaingia."

"Nimesema inawezekana," mtaalamu akasema, bila kuniangalia.

Ilikuwa kweli kwamba pale ofisini kwangu sikuliona kosa lile, kwa sababu rahisi: kila nilipolifungua mimi, dada alikuwa ameshalitengeneza. Nikamweleza hivyo mkurugenzi. Akatikisa mkono kama anayefukuza nzi, akanisogezea ile karatasi. Ilikuwa barua ya onyo la mwisho kwa dada wa kaunta, kwa kosa la kuharibu mali ya kampuni. Chini kulikuwa na mistari miwili, mmoja wa mkurugenzi, mwingine wangu kama msimamizi wa dada.

"Saini hapo. Mwisho wa mwezi tunaona."

"Sisaini."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Lilinitoka tu, na lilipokwisha kutoka nikaona limekaa vizuri mdomoni, nikalirudia.

"Sisaini, bosi."

"Kwa nini? Yeye ni ndugu yako?"

Jibu la kumpa ninalo sasa. Shuleni kwetu Bujumbura, kitu kikipotea darasani, kalamu, rula, hela ya mchango, macho yalitugeukia sisi watoto wa wakimbizi kabla hata mwalimu hajauliza. Hakuna aliyehitaji kusema neno. Nililijua jicho lile nikiwa bado nina sare ya shule. Halafu tuliporudi Kigali, nchi ya wazazi wangu, nikalikuta tena limebadilika kidogo: huyu katoka Burundi, huyu anaongea Kifaransa, huyu Kinyarwanda chake kina harufu ya kule. Nimeishi nalo, nikazeeka nalo. Lakini kuliwekea saini yangu mimi, nimtazame mwenzangu kwa jicho hilohilo kwa sababu tu yeye ndiye wa mbali kuliko sote, hapana. Bora wanifukuze.

Kwa mdomo nilisema tu, "Kwa sababu hajaharibu kitu."

"Basi niletee aliyeharibu."

"Nitakuletea."

"Ijumaa," akasema. Akaiacha barua pale mezani, kalamu juu yake.

Nilitoka, nikarudi mezani kwangu. Ahadi nilikuwa nimeitoa kwa hasira, na aliyeharibu sikumjua. Wakati huohuo habari zilikuwa zimekwisha kushuka mlimani hadi Nyabugogo, sijui kwa mdomo wa nani. Nilipompigia dada mchana ule aliniambia wapagazi wameanza kumwita Virusi. Wakipita mbele ya kaunta na mizigo yao kichwani wanaita, "Virusi, habari ya leo?" Madereva wanacheka.

"Mama," akaniambia, "kazi wakitaka waichukue. Mimi nitauza hata mandazi. Ila siondoki hapa na jina hilo. Siondoki nalo."

"Huondoki," nikamwambia.

Nikaanza kufikiri kwa utaratibu. Faili linatafuta maktaba ya toleo jipya. Faili halijui kuota ndoto, kwa hiyo kuna kompyuta iliyolifundisha toleo hilo. Nikasoma huku na huku, nikajaribu kwenye nakala, nikagundua tabia moja ya programu ile: ukilifungua faili kwenye mashine yenye toleo jipya, yenyewe kimyakimya hupandisha rejea ifanane na mashine hiyo, na ukihifadhi, inabaki hivyo. Kwenye mashine mpya huoni kitu. Linafanya kazi kama kawaida. Ila likirudi kwenye mashine ya zamani, halijui kushuka. Kupanda linapanda, kushuka halishuki.

Sasa kompyuta mpya ni ya nani? Nyabugogo ilikuwa kuukuu. Yangu ilikuwa kuukuu. Zote pale ofisini zilinunuliwa pamoja, kwa mtu mmoja, siku moja. Mpya ilikuwa moja tu, ya mpakato, iliyonunuliwa karibuni, na mwenyewe aliipenda hata akawa anaipangusa kwa kitambaa cha miwani na kwenda nayo nyumbani. Na nikakumbuka kwamba kila Jumatatu, kwenye safu ya maoni ndani ya faili, kulikuwa na maneno ya herufi kubwa yasiyokuwepo Jumamosi. KWA NINI MUSANZE IMESHUKA? NANI ALITUMA HII? Mkurugenzi alikuwa analipitia faili nyumbani kwake Jumapili, baada ya misa.

Ningeweza kumwendea faraghani. Mume wangu, ambaye hapendi makelele, alinishauri hivyo. "Mwambie taratibu, wawili tu, umwachie heshima yake." Nilimsikiliza na nikamkatalia. Dada alikuwa anaitwa Virusi mbele ya kituo kizima. Mambo ya kunong'onezana yalikuwa yamepitwa na wakati.

Ijumaa nikaingia na simu yangu mkononi. Mtaalamu alikuwepo. Barua ilikuwepo. Nikampigia dada nikaweka sauti ya nje, nikailaza simu mezani katikati yetu.

"Upo?"

"Nipo, mama."

"Chapisha stakabadhi ya majaribio."

Tukasikia mashine ikiguna upande wa pili. "Imetoka," akasema.

"Bosi, tafadhali fungua faili kwenye kompyuta yako. Litazame tu, kisha lifunge, usihifadhi."

Alinitazama, akatazama simu, akafanya.

"Dada, lifungue tena hapo kwako uchapishe."

"Imetoka."

"Sasa bosi, lifungue, andika neno lolote, hifadhi, funga."

Akaandika SAWA kwa herufi zake kubwa, akahifadhi. Tukangoja kidogo faili lipite kwenye mtandao hadi Nyabugogo. Kutoka kwenye simu ikasikika honi, na mtu akibishana juu ya gunia la viazi.

"Dada, fungua."

Tukasikia akibonyeza, kisha, "Mama, kidirisha kimerudi."

Mkurugenzi alikunja mikono kifuani.

"Rudia," akasema.

Dada akatengeneza rejea kwa hatua zake alizozishika kichwani, akachapisha, ikatoka. Mkurugenzi akafungua, akaandika SAWA ya pili, akahifadhi.

"Kimerudi," dada akasema, na mara hii sauti yake ilikuwa na kitu ndani yake, kama mtu anayejizuia asipige kigelegele.

"Kwa hiyo unasema mimi ndiye naharibu faili," mkurugenzi akaniambia.

"Ndiyo, bosi. Hukujua, na hakuna anayekulaumu. Lakini ni kompyuta yako, kila Jumapili."

Mtaalamu alivuta kompyuta ya mkurugenzi upande wake, akaingia nyuma ya faili, akaangalia Rejea, akazisoma namba. "Ni byo," akasema kwa Kinyarwanda. Ni kweli. Hakuongeza neno, na nilimheshimu kwa hilo, maana angeweza kuzungusha maneno tukabaki hatuna uhakika.

Nilidhani yamekwisha. Mkurugenzi akainuka, akasimama dirishani. "Basi hii faili ni ya kizamani. Tununue mfumo mpya, tumalize."

"Mfumo nunua," nikasema. "Barua je?"

"Barua tutaangalia."

Nikanyoosha mkono, nikaichukua ile barua pale mezani, nikaikunja, nikaitia kwenye mkoba wangu.

"Hiyo ni ya ofisi, mama."

"Ofisi ije inidai."

Nikaondoka. Nilikuwa nimefika kwenye ngazi. Nyuma yangu nikasikia viatu. Alikuwa mtaalamu.

"Mama, subiri kidogo. Unavyotengeneza, kuondoa tiki na kuweka tiki, utafanya hivyo hadi ustaafu."

"Nifanyeje sasa? Ninunue mfumo wako?"

Akacheka. "Usiazime kabisa. Ondoa hiyo rejea, usiweke nyingine. Makro ikifika mahali pa kutuma barua, iiombe mashine wakati uleule: nipe programu ya barua pepe uliyo nayo, yoyote. Mashine ya zamani itatoa ya zamani, mpya itatoa mpya. Faili halitajali tena toleo." Akaniandikia amri ya kuombea nyuma ya kadi yake.

Nilikasirika kwa sababu njia yake ilikuwa sahihi na sikuifikiria mimi. Nikamshukuru lakini. Mtu aliyekuja kuliua faili langu alikuwa amenionyesha namna ya kuliponya, na hadi leo sijui kwa nini alifanya vile. Labda alichoka kuuza.

Jumamosi dada akaja kwetu Nyakabanda. Ilikuwa siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya jamii ya kila mwisho wa mwezi, kwa hiyo asubuhi tulikuwa sote tunazibua mitaro mtaani, na alipofika mchana nilikuwa bado na udongo kwenye kucha. Nilipika isombe, yaani kisamvu, yeye akaleta chapati. Tukaweka ile kompyuta yangu kuukuu kwenye meza ya chakula. Jirani yetu ni fundi wa kuchomelea mageti, na kila akiwasha mashine yake taa zetu hupepesa, kwa hiyo tulihifadhi kazi kila baada ya sentensi.

Nikaiondoa rejea. Faili zima likaanza kulia. Kila mahali nilipokuwa nimetumia jina la barua kutoka kwenye ile maktaba, kompyuta ikasema hailijui. Ikabidi kubadilisha moja moja: pale nilipotangaza kwamba hii ni barua, nikaandika tu kwamba hiki ni kitu, pale nilipotumia jina lililotoka kwenye maktaba kueleza kwamba ujumbe ni wa haraka, nikaweka namba yake badala ya jina. Dada alishika karatasi, akawa ananisomea mistari iliyobaki, na kila nilipomaliza mmoja aliukata kwa wino.

"Kwa hiyo," akauliza, "lilikuwa linakataa kwa sababu linaita kitu kwa jina ambalo sisi wengine hatunalo?"

"Ndiyo hivyo."

"Na wakati huo linamlaumu mwingine."

"Hilo hasa."

Akakata mstari kwa nguvu hadi karatasi ikachanika kidogo. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwa amelisema kwa simu: kwamba wiki ile mama yake alipiga kutoka Kigoma, akamwambia arudi nyumbani, Kigali si kwao. "Nikamwambia mama, nitarudi siku nikitaka mimi. Si siku nikifukuzwa." Aliyasema hayo akiwa anatazama chini, anamega chapati. Nikajaza sahani yake tena, nikarudi kwenye mistari yangu.

Tulimaliza jua likiwa bado juu. Tukalijaribu kwenye kompyuta ile, kisha kwenye kompyuta mpya ya mpwa wangu aliyekuja kula isombe. Likachapisha kote. Barua za majaribio zikatoka kote. Tukafungua Rejea, na lile neno MANQUANT halikuwepo popote.

Jumapili mkurugenzi akalipitia faili kama kawaida yake. Jumatatu simu haikulia. Nilikaa hadi saa nne nikiitazama, nikampigia mimi.

"Linafanya kazi, mama. Ila wapagazi bado wananiita vilevile."

Nikapanda hadi ofisini kwa mkurugenzi. Hakunikaribisha kiti, nami sikukaa.

"Faili limepona," nikamwambia. "Kwako na kwao."

"Nimeona. Asante, mama. Kazi nzuri."

"Bado kitu kimoja. Ushuke Nyabugogo, useme mbele ya watu kwamba dada hakuharibu kitu."

"Nitampigia simu."

"Simu hawaisikii wapagazi."

"Mama, mimi ni mkurugenzi. Niende kituoni kutangaza mambo ya kompyuta kwa wapagazi?"

"Jina kapewa pale pale kituoni. Ile barua nimeikata vipande, usihangaike nayo. Hili la jina siwezi kulikata mimi."

Nilidhani ndiyo siku yangu ya mwisho, na niliona sijali, na kutojali kule kulikuwa kutamu. Akachukua funguo za gari.

Tukashuka pamoja hadi Nyabugogo. Alipofika akasimama mbele ya kaunta yetu, suti safi, viatu vinang'aa kwenye vumbi lile, na madereva wakanyamaza kwa sababu walimfahamu. Alizungumza Kinyarwanda, maneno machache. Kwamba faili lilikuwa na tatizo, tatizo lilitoka kwenye kompyuta yake yeye, na dada huyu ndiye aliyekuwa analitengeneza kila Jumatatu mizigo yao isikose mabasi. Hakuomba msamaha. Neno lile hakulitamka. Lakini alimnyooshea dada mkono, na dada hakuupokea mara moja. Alimalizia kwanza stakabadhi ya mteja, akaipiga mhuri, akampa mwenyewe, ndipo akautoa mkono wake juu ya kaunta.

Mpagazi mmoja, yule aliyekuwa na kelele kuliko wote, akasema, "Pole, dada." Wengine wakaangalia mizigo yao.

Mfumo mpya ulikuja mwaka uliofuata. Sikuupinga. Faili langu lilikuwa limeshazidiwa, mizigo ilikuwa imeongezeka, na mimi si mtu wa kushikilia kitu kwa sababu tu ni changu. Tuliitwa wote kwenye mafunzo Kicukiro, kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki. Mkufunzi alizungumza kwa Kiingereza siku nzima, haraka, akitembea na rimoti. Dada alikaa mstari wa mbele kando yangu, tayari ameshapewa usimamizi wa kaunta zote za Nyabugogo.

Mwishoni mkufunzi akauliza kama kuna swali. Watu wakaanza kukusanya mikoba. Dada akasimama, akauliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na honi:

"Huu mfumo wenu ukikataa, mtaanza kumtafuta nani?"

Mkufunzi hakuelewa. Akatazama huku na huku akitafuta mtu wa kumtafsiria. Mkurugenzi alikuwa amekaa nyuma, na najua alielewa. Nikasimama mimi, nikalitafsiri neno kwa neno, sikupunguza kitu, kisha nikabaki nimesimama kando ya dada tukingoja jibu.